Kadi iko chini, kiwavi yuko juu: kupima dawa ya Bt inayonyunyizwa na ndege msituni

Ndege ikishamaliza kunyunyizia msitu, swali huwa moja: dawa imefika? Ukilifungua, ndani yake mna maswali matatu. Je, ndege ilitoa kiasi kilichopangwa? Je, matone yalikaa kwenye majani anayoyala mdudu? Na je, kilichokaa pale bado kina nguvu ya kuua? Kila swali lina kipimo chake. Ripoti nyingi za unyunyiziaji huharibika kwa sababu kipimo cha swali la kwanza kimetumika kujibu la tatu.

Mfano mzuri ni Quebec, Kanada. Huko adui ni nondo Choristoneura fumiferana, ambaye viwavi wake hula machipukizi ya mfiri wa zeri (Abies balsamea) na msprusi mweupe (Picea glauca), miti iliyo jamaa ya msonobari na yenye majani ya sindano. Mlipuko ulioanza eneo la Côte-Nord mwaka 2006 umeenea katika mamilioni ya hekta, na shirika la SOPFIM, linalolinda misitu ya huko dhidi ya wadudu na magonjwa na lililoundwa mwaka 1990, hurusha ndege kila mwaka kati ya Mei na Juni. Silaha kuu ni Bacillus thuringiensis aina ya kurstaki, bakteria ambaye wengi humwita Bt tu.

Bt haiui kwa kugusa. Bakteria huyu anapotengeneza spora, yaani umbo lake sugu la kujihifadhi, hutengeneza pia fuwele ya protini. Kiwavi sharti aile. Utumbo wake wenye alkali kali huiyeyusha fuwele, vimeng'enya huikata protini hiyo vipande, na vipande hivyo hutoboa ukuta wa utumbo. Muda mfupi baadaye kiwavi huacha kula, na hufa baada ya siku chache. Akipata kiasi pungufu pia huacha kula, lakini huweza kupona na kurudi mezani wakati jua limeshaidhoofisha dawa. Ndiyo maana haitoshi kujua ni lita ngapi zimemwagwa kwenye hekta. Kinachoamua ni nguvu iliyomo ndani ya tone moja, na idadi ya sindano zilizopata tone hilo.

Hesabu ya tone

Kipimo cha kawaida ni yuniti za kimataifa, au IU, bilioni 30 kwa hekta. Foray 48B ina takriban bilioni 12.7 kwa lita, kwa hiyo huhitaji lita 2.37 kwa hekta. Foray 76B ina takriban bilioni 20 kwa lita, nayo huhitaji lita 1.5. (Namba 48 na 76 ni mabilioni ya IU kwa galoni ya Marekani.) Zote hunyunyizwa bila kuchanganywa na maji. IU yenyewe hupatikana maabara kwa kulisha dawa viwavi wa mdudu mwingine kabisa, Trichoplusia ni wa kwenye kabichi, na kulinganisha vifo na vya dawa ya kulinganishia ambayo nguvu yake inajulikana. Basi IU ni njia ya kulinganisha pipa na pipa. Haitabiri moja kwa moja kitakachompata kiwavi wa mfiri.

Chukua lita 1.5 kwa hekta na uigawe kwa ukubwa wa matone. Kama matone yote yangekuwa na kipenyo cha mikromita 200, kila sentimita mraba ya ardhi ingepata matone 3.6. Yakiwa ya mikromita 100, yanakuwa 29. Yakiwa ya mikromita 50, yanakuwa 229. Tone la mikromita 50 la Foray 76B hubeba IU 1.3 hivi, la mikromita 100 hubeba zaidi ya 10. Kipenyo kikipungua nusu, idadi ya matone hupanda mara nane na mzigo wa kila tone hushuka mara nane. Mvutano wote wa kazi hii uko hapo. Matone makubwa yana sumu ya kutosha lakini ni machache, na mengi huanguka chini; tone dogo hufika kwenye sindano kwa wingi, ila likiwa dogo mno, kiwavi atahitaji kula kadhaa. Dawa iliyokolea ilipoanza kutumika bila maji, ilisaidia kupeleka dozi ya kutosha ndani ya tone dogo.

Kuhusu ukubwa unaofika, ushahidi ni wa zamani. Mwaka 1967 Himel na Moore walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kazi iliyofanyika Marekani kwa kutumia chembe zinazong'aa zilizochanganywa kwenye dawa. Sehemu kubwa mno ya matone waliyoyakuta kwa viwavi yalikuwa chini ya mikromita 50. Yale makubwa, yaliyobeba ujazo mwingi wa dawa, hayakuonekana kwa mdudu.

Kabla ya kupima msitu, pima ndege

Anza na hesabu ya mtiririko. Zidisha mwendo wa ndege kwa kilomita kwa saa na upana wa mstari (ukanda unaofunikwa na ndege ikipita mara moja) kwa mita, kisha gawanya kwa 600. Utapata hekta kwa dakika. Ndege inayokwenda kilomita 220 kwa saa ikiwa na mstari wa mita 60 hufunika hekta 22 kwa dakika. Kwa lita 1.5 kwa hekta, pampu itoe lita 33 kwa dakika. Gawanya kwa idadi ya vichwa vya kunyunyizia, kisha kinga kila kichwa kwa ndoo yenye alama kwa muda uliopimwa. Kichwa kimoja kikitoa pungufu kwa zaidi ya asilimia 5 ya wenzake, kisafishe kabla ya kurusha. Tumia dawa yenyewe katika jaribio hili. Bt ni nzito kuliko maji na haipiti kwa kasi ileile, kwa hiyo mtiririko uliorekebishwa kwa kupima maji utakudanganya.

Vichwa vinavyotumika sana, kama vya Micronair, ni silinda za wavu wa waya zinazozungushwa na upepo wa ndege yenyewe kupitia pangaboi dogo. Pembe ya mapanga ndiyo huamua mizunguko kwa dakika, na mizunguko ndiyo huamua ukubwa wa tone: ikipungua, matone hukua. Wavu ulioziba kwa mabaki makavu ya jana hutoa matone makubwa upande mmoja wa bawa, na hakuna mita ya mtiririko itakayokuonyesha hilo, kwa sababu lita ni zilezile. Chukua pia sampuli ya dawa kutoka kwenye kichwa, si kutoka kwenye pipa. Spora na fuwele hutuama tangi likikaa bila kukorogwa, hivyo mizigo ya mwanzo na ya mwisho inaweza kutofautiana nguvu.

Baada ya hapo kuna kumbukumbu za GPS na mita ya mtiririko, zinazoonyesha ndege ilipita wapi na ilifungua dawa wapi. Zinajibu swali la kwanza vizuri, na ziishie hapo.

Kadi na uongo wake

Njia ya haraka ya kuona matone ni kadi. Kuna karatasi ya njano inayogeuka bluu ikiguswa na maji, na kuna kadi nyeupe inayong'aa, ambayo huhitaji rangi ichanganywe kwenye dawa kwa sababu Bt yenyewe ina rangi ya kahawia hafifu isiyoonekana vizuri. Zipange kwenye mstari unaokata njia ya ndege kwa pembe ya mraba, kila mita chache, katika uwazi usiofunikwa na matawi, na mstari uendelee mbali upande upepo unakoelekea.

Umbali huo si wa mapambo. Katika hewa tulivu tone la mikromita 100 hushuka sentimita 25 hivi kwa sekunde, na la mikromita 50 sentimita 7.5. Likiachiwa mita 30 juu, la kwanza huchukua dakika 2 na la pili karibu dakika 7. Upepo wa mita 2 kwa sekunde utakuwa umelisukuma la kwanza mita 240 na la pili mita 800. Msukosuko wa hewa nyuma ya ndege hushusha sehemu ya wingu haraka zaidi, na matawi hulinasa njiani, lakini kanuni inabaki: dawa haitui chini ya njia ya ndege. Anayeweka kadi chini ya mstari wa GPS tu atapima dawa ya mstari mwingine, au hatapima kitu. Zaidi ya hayo, maji ya tone huvukia likiwa hewani. Asubuhi kavu tone lililotoka na mikromita 80 litafika dogo zaidi, na yaliyo madogo tangu mwanzo yatapotelea upeponi.

Doa kwenye kadi si tone. Tone hutanuka likigusa karatasi, na uwiano wa kipenyo cha doa kwa kipenyo cha tone hutofautiana kwa karatasi, kwa dawa, na hata kwa ukubwa wa tone. Doa la mikromita 180 likiwa na uwiano wa 1.8 ni tone la mikromita 100. Ukitumia 1.5 kwa sababu umeikuta kwenye mwongozo wa dawa nyingine, utaandika 120, na kwa kuwa ujazo hufuata kipenyo mara tatu, utakuwa umezidisha kiasi cha dawa kwa asilimia 73. Pima uwiano huo mwenyewe: washa utepe wa magnesi, acha moshi wake upake kioo cha hadubini tabaka jeupe, kisha rushia dawa ileile kwenye kioo na kwenye kadi kwa pamoja. Kwa matone yanayozidi mikromita 20, kipenyo cha tone ni 0.86 ya shimo linalobaki kwenye tabaka hilo. Linganisha na madoa ya kadi, umepata uwiano wako.

Karatasi ya njano ina matatizo mengine mawili. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 80 huanza kubadilika rangi yenyewe, na unyunyiziaji hufanyika alfajiri na jioni, wakati msitu umejaa umande. Vilevile huacha kuonyesha vizuri matone yanayopungua mikromita 50, yaani yaleyale tunayoyatafuta. Kadi bapa iliyolala hunasa kinachoanguka. Tone dogo hufuata mkondo wa hewa na kuipita pembeni. Sindano yenye upana wa milimita moja au mbili hukatiza mkondo huo, na tone hushindwa kukwepa. Kwa hiyo kadi huonyesha matone makubwa kuliko yanayokaa kwenye mti, na huonyesha machache kuliko yaliyopo. Tunaipenda kadi kwa sababu ni rahisi na ina jibu la papo hapo. Itumie kukagua ndege, upana wa mstari na mwelekeo wa wingu. Kwa kiwavi, panda juu.

Sindano

Kata ncha za matawi zenye urefu wa sentimita 45 kutoka katikati ya taji la mti (sehemu yenye matawi) kwa mkasi wa mlingoti mrefu, na chagua miti mingi kuliko matawi mengi ya mti mmoja. Tofauti kati ya mti na mti ni kubwa mno, na ukitaka kupunguza kosa nusu unahitaji miti mara nne. Sehemu ya juu ya taji hupata dawa nyingi kuliko ya chini, kwa hiyo kimo cha kukata kisibadilike kati ya kitalu (kipande cha msitu kinachonyunyiziwa) na kitalu. Kata tawi la ulinganisho siku moja kabla ya ndege. Baada ya ndege, subiri matone yakauke, kata ndani ya saa moja au mbili, usishike machipukizi kwa mkono, na weka kwenye mfuko wa karatasi ndani ya sanduku la barafu lililofunikwa. Mfuko wa plastiki hukusanya jasho la majani, na jasho huhamisha dawa kutoka sindano moja hadi nyingine. Jua nalo halisubiri. Kadiri tawi linavyokaa wazi ndivyo spora zinavyokufa.

Chini ya hadubini, hesabu matone kwenye sindano za mwaka huu tu, pande zote mbili. Rangi inayong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno hurahisisha sana, ingawa rangi nyingi hufifia juani. Jaribu yako kwanza: weka kiasi kinachojulikana kwenye tawi, liache nje saa mbili, lioshe, uone asilimia ngapi imerudi. Bila namba hiyo, upungufu wa rangi utauandika kama upungufu wa dawa.

Wastani peke yake haufai. Ikiwa matone yametawanyika kwa bahati tupu, wastani wa tone 1 kwa sindano unaacha asilimia 37 ya sindano bila kitu. Wastani wa 2 unaacha asilimia 14, na wa 3 unaacha 5. Msituni hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu matone hujikusanya upande wa upepo na sindano za ndani hujificha. Andika asilimia ya sindano tupu kando ya wastani, daima. Kiwavi hutafuna sindano kadhaa kwa siku, kwa hiyo sindano tupu moja si janga. Chipukizi zima tupu ndilo janga, na wastani wa kitalu hauwezi kukuonyesha.

Je, kilichokaa bado kinaua?

Tone linaloonekana linaweza kuwa limekufa. Hapa zipo njia tatu, na hazijibu kitu kimoja.

Ya kwanza ni kuotesha bakteria. Osha gramu 5 za sindano katika mililita 50 za maji yenye chumvi ya bafa (ya kutuliza pH) na tone la Tween 80, aina ya sabuni ya maabara, tikisa vizuri, weka kwenye joto la nyuzi 80 kwa dakika 10 ili bakteria wasio na spora wafe, punguza mara mia, mwaga mililita 0.1 kwenye sahani ya agari (jeli ya kuoteshea bakteria), weka nyuzi 30 usiku kucha. Kama zimeota koloni (madoa ya bakteria) 64, hesabu ni 64 gawa kwa 0.1, mara 100, mara 50, gawa kwa 5: spora hai 640,000 kwa gramu. Sahani yenye koloni chini ya 30 au zaidi ya 300 usiihesabu. Kumbuka pia kwamba Bt na ndugu yake Bacillus cereus huishi msituni kwa asili, na koloni zao hufanana. Tawi la siku iliyotangulia ndilo litakalokuambia utoe ngapi, na hadubini ndiyo itakayoonyesha kama koloni ina fuwele.

Udhaifu mkubwa wa njia hii ni kwamba inahesabu spora, wakati kinachoua kwa sehemu kubwa ni fuwele. Mwanga wa urujuanimno huua spora upesi kuliko unavyoharibu protini, hivyo siku mbili baadaye sahani inaweza kukuambia dawa imekwisha ilhali kiwavi bado anakufa.

Njia ya pili hupima protini yenyewe kwa kingamwili, ile ELISA ya maabara za hospitali. Fuwele huyeyushwa kwanza kwa bafa ya alkali yenye pH ya 10 hivi. Ukiruka hatua hii, kingamwili haioni kitu na utaandika sifuri. Aina ya kurstaki inayotumika misituni hubeba protini za Cry1Aa, Cry1Ab, Cry1Ac na Cry2Aa, na vifurushi vingi vya kupimia vya dukani vimetengenezwa kutambua moja au mbili kati yake, kwa ajili ya mahindi na pamba. Usitumie protini ya kulinganishia iliyokuja na kifurushi. Tengeneza mstari wako wa ulinganisho kwa dawa ya pipa lilelile lililorushwa, na uuchanganye na maji ya sindano zisizonyunyiziwa, kwa sababu utomvu na tanini za mfiri huvuruga usomaji.

Ya tatu ni kumuuliza kiwavi mwenyewe. Leta matawi maabara, weka juu yake viwavi wa hatua ileile kutoka eneo lisilonyunyiziwa, hesabu vifo na sindano zilizoliwa kwa siku saba au zaidi. Ni ya polepole na ya gharama, lakini ndiyo inayojumlisha ukubwa wa tone, mgawanyo, nguvu na hamu ya kula. Kama bajeti inaruhusu kipimo kimoja tu cha sindano, sisi tungechagua protini kwa vitalu vingi na viwavi kwa vichache.

Njia hizi hazihamishiki zote. Mwaka 2009 kuvu Metarhizium ilipopuliziwa nzige wekundu Tanzania, kwenye takriban hekta 10,000 zikiwemo mbuga za Iku-Katavi, dawa ilikuwa spora ndani ya mafuta. Karatasi ya njano haioni mafuta; huhitajika ile maalumu ya mafuta, na kwa kuwa kuvu huingia kupitia ngozi ya nzige, kugusa kunatosha bila kula.

Viwavi wakibaki hai

Vipimo hivi hulipa gharama yake pale operesheni inapokwenda kombo. Kadi zikiwa nzuri na sindano zikiwa tupu, matone yalikuwa makubwa: kagua mizunguko na wavu. Kadi tupu na sindano zenye matone madogo mengi humaanisha kadi ziliwekwa pasipofaa, au hewa ilikuwa kavu, usimlaumu rubani. Sindano zenye matone lakini protini kidogo huelekeza kwenye tangi lililotuama, pipa lililokaa juani, au mvua iliyonyesha kabla hujakata matawi.

Kama protini ipo ya kutosha na viwavi bado wanakula, angalia tarehe. Msprusi huchelewa kuvua kofia ya chipukizi, yaani maganda yanayolifunika, na kiwavi aliye chini ya kofia hafikiwi na tone lolote. Chipukizi nalo hurefuka haraka mwezi Juni: sindano zilizonyunyiziwa hutanuka, dawa ileile husambaa kwenye eneo kubwa, na zilizochomoza baadaye hazina dawa kabisa. Kwa hiyo pima urefu wa machipukizi siku ya ndege na tena siku ya kukagua, kisha andika dawa kwa chipukizi zima pamoja na kwa gramu. Kiasi kwa gramu kikishuka nusu huku kiasi kwa chipukizi kikiwa kilekile, kilichobadilika ni chipukizi, na jibu ni kurudia kunyunyizia kwa tarehe ya machipukizi mapya badala ya kuongeza lita.